Lundo la mchanga, mbwa wetu na mstari uliotembea mguuni mwa mtoto

Mwaka ule tulikuwa tunaongeza vyumba viwili nyumbani Bwiru, hapa Mwanza. Tripu ya mchanga ikamwagwa mbele ya geti, na kama mjuavyo mambo ya ujenzi, hela ya saruji ikachelewa. Mchanga ukakaa miezi. Mchana watoto wa mtaa mzima walihamia pale na vikopo vyao, miguu peku. Usiku ilikuwa zamu ya Tomi, mbwa wetu, ambaye akishapata mahali laini pa kujisaidia hatafuti pengine.

Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, akaanza kulia usiku akikuna unyayo. Tukaona kipele kimoja. Siku chache baadaye kipele kikawa mstari mwekundu uliovimba, umepindapinda kama uzi uliopita chini ya ngozi. Zahanati tuliyoanzia walisema fangasi, nikapaka dawa wiki nzima na mstari ukazidi kurefuka. Daktari wa pili hakuwa na maneno mengi. Alichukua kalamu, akatia alama pale mstari ulipoishia, akaniambia, "Mama, kesho asubuhi uangalie." Asubuhi mstari ulikuwa umeivuka alama kwa upana wa ukucha wangu wa kidole gumba.

Nilirudi mbio. Swali lake la kwanza: "Nyumbani mna mbwa?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mbwa wetu kachanjwa, kadi ninayo. Akatabasamu. Chanjo ile ni ya kichaa cha mbwa, na minyoo ni habari nyingine kabisa. Nadhani wengi tuko hivyo: tunauogopa mdomo wa mbwa, upande wa mkia hatuufikirii.

Kilichokuwa kinatembea mguuni ni kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga, cha safura ya mbwa, aina ya minyoo ya tumboni. Mayai hutoka na kinyesi, yanaanguliwa, na kwenye mchanga wenye joto na unyevu, ndani ya wiki moja hivi, viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya yeyote anayekanyaga au kukalia hapo. Kwa binadamu hakikomai. Kinapotea njia chini ya ngozi, kinazunguka na kuwasha kwa wiki kadhaa mpaka kife. Binti yangu alipewa albendazole, dawa ya minyoo, ya siku tatu, muwasho ukaisha.

Kuna minyoo mingine ya mbwa, ile mirefu ya mviringo, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi niliposimuliwa. Mtoto akimeza mayai yake, kwa mikono yenye udongo au mchicha usiooshwa vizuri, viluwiluwi husafiri mwilini: ini, mapafu, mara chache hata jicho, na jicho linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ajabu ni kwamba kinyesi kibichi hakina hatari hiyo. Mayai huhitaji kama wiki mbili na zaidi udongoni ndipo yaweze kuambukiza, kisha hukaa hapo miaka.

Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini koleo ni muhimu kuliko vidonge. Mimi hupita uani kila asubuhi kabla ya kufagia, nachota kinyesi, natupa chooni. Ni dakika tatu. Usikifukie kwenye bustani ya mboga, wala usikisukumie mtaroni, maana mvua za hapa zinashusha kila kitu hadi ziwani au kwenye kiwanja cha jirani wa chini.

Dawa nazo zina utaratibu. Zamani nilikuwa namkatia Tomi nusu kidonge changu mwenyewe cha minyoo, kwa kukisia. Daktari wa mifugo alicheka, kisha akaacha kucheka. Dozi inakwenda na uzito. Panda mizani umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa tofauti. Wengine huwachoma mbwa ivermectin, dawa ya minyoo ya ng'ombe. Kuna mbwa ambao dawa hiyo huwadhuru vibaya ubongo, tena haiui tegu, ile minyoo bapa kama utepe. Kwa tegu dawa ni praziquantel, ileile wanayomeza watoto wetu shuleni kwa ajili ya kichocho. Mbwa mkubwa mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu.

Watoto wa mbwa ndio kiwanda chenyewe. Viluwiluwi vya ile minyoo ya mviringo hulala kwenye misuli ya mama, akishika mimba vinaamka na kuwaingia watoto wakiwa bado tumboni. Safura hupita kwenye maziwa. Kile kitumbo cha duara tunachokisifia, "huyu kashiba!", mara nyingi ni minyoo. Aliyetuuzia Tomi alikisifia hivyohivyo. Anza dawa wakiwa na wiki mbili, rudia kila wiki mbili hadi wiki ya nane, na mama yao umpe pamoja nao. Kisha kila mwezi mpaka wafikishe miezi sita.

Kuhusu chakula sina mengi. Mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, na vichwa vya sangara nachemsha. Maini na mapafu ya machinjioni ndiyo usiwape mabichi kabisa, hasa yenye vifuko vya maji. Mbwa akila vile anapata tegu mdogo wa milimita chache, na mayai yake yakimwingia mtu huota vifuko hivyohivyo kwenye ini la mtu. Turkana, kule Kenya, ugonjwa huo wanaufahamu vizuri sana.

Na viroboto msivisahau. Ukiona vitu kama punje za mchele mkiani mwa mbwa, hiyo ni tegu inayopita kwa kiroboto aliyemezwa. Dawa ya minyoo bila dawa ya viroboto, mwezi ujao mko palepale.

Vyumba vile viwili vimekwisha. Mchanga uliobaki nimeufunika turubai na kuukandamizia mawe, ambayo Mwanza hatujawahi kuyanunua. Tomi kahamia nyuma ya banda la kuku, na koleo nimelitundika hapohapo.