Kabla ya Kumwekea Mgeni Chumba: Loji, Banda na Hema

Wewe uliyeanza kazi kwenye meza ya kuweka nafasi, zoea hili mapema: hapa Uganda jina la malazi halikuambii mgeni atalala pa namna gani. Loji ya kando ya barabara Lyantonde ni vyumba vya bei nafuu, mara nyingi nyuma ya baa. Loji ya watalii kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth hutozwa kwa dola, kwa kawaida kwa kichwa, na milo imo ndani ya bei. Kwa hiyo uliza: bei ni ya chumba au ya mtu? Milo mingapi?

Neno "self" nalo hugombanisha watu. Kwetu ni chumba chenye choo na bafu lake. Mwingereza akilisikia hutarajia jiko. Mwandikie wazi: choo na bafu ndani, jiko hakuna. Dabo ni kitanda kimoja kipana, twini ni viwili.

Kwenye kambi ya mahema, umeme mara nyingi ni wa sola, kwa hiyo pasi na kikausha nywele vibaki nyumbani. Maji ya kuoga hupashwa kwa kuni na kumiminwa kwenye ndoo iliyotundikwa juu, lita 20 hivi. Mweleze mgeni alowane, afunge maji, ajipake sabuni, ndipo afungue tena. Akiyaacha yatiririke, yatamwishia na povu kichwani. Banda za hifadhi, yaani vijumba vya kulala wageni, ni za hali ya kawaida zaidi. Ulizia kama kuna kantini.

Bwindi, hifadhi ya msitu wa gorila, ndiko tunakoomba uwe makini kuliko kote. Kibali cha kuona gorila kina sekta yake, yaani upande wa msitu ambako mgeni ataanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Soma sekta kwanza, kitanda baadaye. Mwenye kibali cha Rushaga akilazwa Buhoma, gari litazunguka msitu saa kadhaa kwenye barabara ya milima, na maelezo ya asubuhi huanza kama saa mbili. Akichelewa, anaweza kupoteza kibali cha dola 800. Ruhija iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo agiza blanketi za ziada na chupa ya maji moto ya kitandani.

Unapothibitisha muda kwa mgeni wa nje, andika 7:00 asubuhi, usiandike saa moja. Chakula cha kubeba msituni kiagizwe jikoni usiku uliotangulia.