Stata ya mashine ya theluji pasipo na soketi

Mashine nyingi za kurushia theluji huwashwa kwa njia mbili: kamba ya kuvuta, na kitufe cha stata. Stata yenyewe si kama ya gari. Mara nyingi haina betri. Inasubiri uichomekee umeme wa nyumbani, volti 120 kule Amerika Kaskazini au 230 kule Ulaya. Mashine ikilala gereji yenye soketi, mambo ni mepesi. Ikilala bandani kusikofika umeme, au ikikuzimikia mbali na nyumba baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, hapo ndipo kamba huwa nzito na kitufe hakina kazi.

Wengi wakifika hapo huuliza kama betri waliyonayo ina chaji ya kutosha. Chaji si shida. Stata inayokula wati 1,000, ukiipiga kwa sekunde 5, imetumia kama wati-saa 1.4 tu. Betri yoyote ya gari inazo tele. Shida ni kishindo cha mwanzo: oili imeganda kama asali, na mota iliyosimama huvuta ampea mara kadhaa ya zile zilizoandikwa juu yake, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Kifaa kisichomudu kishindo hicho kitajizima papo hapo, ingawa kina chaji ya kuwasha taa hadi alfajiri.

Kwa hiyo anza na kibandiko cha stata. Kikisema volti 120 na ampea 6, zidisha: wati 720. Tafuta chanzo ambacho nguvu yake ya kudumu inazidi hapo, na nguvu yake ya kilele, ile inayotoa kwa kitambo kidogo tu, inafika walau mara tatu, yaani kama wati 2,200. Inveta (kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa umeme wa nyumbani) ya wati 1,000 yenye kilele cha 2,000 inaweza kufaulu siku ya baridi kidogo na kukwama siku ya baridi kali. Ya 1,500 yenye kilele cha 3,000 haikupi presha. Vile vidude vya wati 300 vya kuchajia laptop, achana navyo kabisa. Usisumbuke pia kununua inveta ya bei mbaya eti kwa sababu umeme wake ni laini: stata nyingi za aina hii zina mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) yenye dayodi ndani za kuugeuza umeme wa nyumbani (AC), hazichagui.

Upande wa volti 12 ndiko watu wanakoharibu. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83. Ongeza kinachopotea ndani ya inveta, unapita 90, na kilele kinafika mara mbili ya hapo. Soketi ya kiberiti cha gari ina fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Ukichomeka hapo, fyuzi inakatika kabla injini haijatikisika. Funga inveta moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, kwa nyaya nene (milimita 25 za mraba kwenda juu) zisizozidi mita moja. Vichwa viwe safi. Ule unga mweupe ukiachwa hapo unatosha kukuangusha.

Sasa, gari liko hapa na mashine iko mita 20 kule. Usirefushe nyaya za betri. Acha inveta karibu na betri, kisha safiri na umeme uliokwisha pandishwa, kwa ekstensheni ya kawaida ya nje yenye waya wa athi. Gari liwe linaunguruma, na liwe nje, si bandani. Betri ya asidi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu ya nguvu yake, na inveta nyingi hukata zenyewe volti zikishuka hadi kama 10.5. Mlio wa onyo wa inveta ukisikika unapobonyeza kitufe, mara nyingi stata haina kosa. Volti zimeporomoka njiani au betri imechoka.

Unene wa ekstensheni nao una maneno. Waya wa milimita 1 ya mraba wenye urefu wa mita 30 una ukinzani wa kama omu 1.1, kwenda na kurudi. Stata ikivuta ampea 30 za kishindo, volti 33 zimeishia ndani ya waya. Wa milimita 2.5 hupoteza kama 13 tu. Kusema kweli, ikiwa nyumba iko ndani ya mita 30, ekstensheni nene ni dawa rahisi kuliko vyote tunavyozungumza hapa.

Sanduku la umeme la lithiamu, yaani betri ya kubebeka yenye soketi ya umeme wa nyumbani, linafaa mradi lipite mtihani ule ule wa kilele. Lilale ndani kwenye joto, ulitoe dakika ya kuwasha tu, na usilichaji likiwa chini ya nyuzi sifuri, maana betri yake huharibika kimyakimya. Jenereta ya wati 2,000 nayo inafaa. Izimie ule mtindo wa kubana mafuta, kwa sababu injini yake huchelewa kupandisha mzunguko na stata inakuwa imeshakata tamaa. Ila jenereta ndogo nyingi nazo huwashwa kwa kamba, kwenye baridi ile ile. Umehamisha tabu tu.

Vya kuepuka ni hivi. Betri ya kubustia gari isiyo na soketi ya umeme wa nyumbani haisaidii: volti 12 kwenye stata ya 120 haziwezi kuzungusha injini. Kuunga betri za drili mfululizo mpaka zifike volti 120 ni hatari, kwani umeme wa DC wa kiasi hicho hutoa cheche isiyokatika ndani ya swichi iliyotengenezwa kwa AC. Na kuzungusha kwa drili nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini: injini ikiwaka, inaipita drili mbio, na kama boksi (kichwa cha spana kinachoshika nati) haina klachi ya kuachia upande mmoja, kiwiko chako ndicho kinachopokea.

Kabla ya yote vuta kamba polepole mara mbili. Ikigoma kabisa, kuna kitu kimeganda au kimekwama, na stata utaichoma bure. Kama kamba inakwenda lakini kwa uzito, angalia oili: 5W-30 hupunguza mzigo kwenye baridi kuliko kuongeza wati. Ufunguo uwe ndani, bomba la petroli wazi, choki imefungwa, na praima (kipira cha kusukumia petroli) ibonyezwe mara mbili tatu.

Chomeka waya kwenye stata kwanza, halafu kwenye inveta au sanduku. Bonyeza kwa sekunde 5, si zaidi, kisha pumzisha dakika nzima. Stata hizi hupata moto haraka, na koili zikiungua hakuna cha kufufua. Injini ikishika, achia kitufe, chomoa upande wa inveta kwanza, kisha wa stata, ili usishike plagi yenye umeme juu ya theluji. Funika soketi ya stata, ukunje ekstensheni yote na uiweke mbali kabla hujagusa mkono wa kuzungushia parafujo ya mbele inayokokota theluji. Waya uliofunikwa na theluji hauonekani, na parafujo huumeza hadi mwisho.