Swali: Nikipiga magoti usiku nalala. Je, imani yangu imekufa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mama lishe hapa Dar es Salaam, nina watoto watatu. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, narudi jioni, nalala saa tano usiku. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana, na nina mkopo wa kikundi, marejesho ni kila Jumatatu. Zamani nilifunga Jumatano na Ijumaa, nilikesha, na nilisoma sura tatu za Biblia kila siku. Sasa nikipiga magoti usiku nalala hapo hapo mpaka miguu inakufa ganzi. Kanisani naimba lakini sisikii kitu moyoni. Mwenzangu mmoja ananiambia nimepoa, Mungu ameondoa mkono wake kwangu, na lazima nitoe sadaka ya kujikomboa. Je, imani yangu imekufa? Nifanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu. Imani yako haijafa. Natanguliza hilo ili usisome yanayofuata huku moyo unadunda. Mtu ambaye imani yake imekufa haulizi swali kama lako, haimuumi tena.

Wewe na mwenzako mnaipima imani kwa joto la moyo. Maandiko yana kipimo kingine. Soma Waebrania 10:36: "Maana mnahitaji saburi, ili kwamba mkiisha kuyafanya mapenzi ya Mungu mpate ile ahadi." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa saburi hapo ni hupomone, nalo limeundwa na maneno mawili: "chini" na "kubaki". Ni kubaki chini ya mzigo bila kuutupa. Halisemi lolote kuhusu unavyojisikia ukiwa chini yake. Kisha fungua Luka 8:13-15, mfano wa mpanzi, na uangalie jambo ambalo wengi wetu tunalipita. Waliolipokea neno kwa furaha ni wale wa penye mwamba, na ndio waliojitenga walipojaribiwa. Wa udongo mzuri hawakutajiwa furaha. Wametajiwa kulisikia neno, kulishika, na kuzaa matunda "kwa kuvumilia".

Lakini aya ya 14 inakuhusu, nayo sitakuficha. Mbegu zilizoanguka penye miiba "husongwa na shughuli". Miiba haing'oi mche. Inaunyima mwanga na chakula mpaka usiivishe kitu. Hiyo ndiyo hatari yako ya kweli, na dawa ya mche uliosongwa ni palizi. Kuupigia kelele kwamba umepoa hakuusaidii.

Paulo alipomwandikia Timotheo "uichochee karama ya Mungu, iliyo ndani yako" (2 Timotheo 1:6), alitumia kitenzi kinachohusu moto: kuamsha makaa yawake tena. Wewe unaujua moto huo kuliko wahubiri wengi. Mkaa uliofunikwa na majivu unaonekana umekwisha, na asiyejua ataumwaga. Anayejua anayakung'uta majivu, anafungua mlango wa jiko hewa ipite, anaongeza vipande vidogo viwili vitatu kwanza, anapepea. Akirundika mkaa mwingi mbichi kwa pupa, anauzima. Wengi wanaotaka kurudi kwenye maombi wanakosea hapo hapo: wanaanza na saa nzima, siku ya tatu wanashindwa, hatia inawaingia, wanaacha kabisa.

Sasa kuhusu usingizi. Eliya, siku chache baada ya moto kushuka Karmeli, alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu" (1 Wafalme 19:4). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, ndipo safari ya siku 40 kwenda Horebu, na swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" likaja baada ya hayo yote. Mwili wako unapata saa tano tu za usingizi kwa usiku, na mchana kutwa umesimama kwenye joto la jiko. Ukisinzia magotini, umechoka. Petro alisinzia Gethsemane, na Bwana aliyemwuliza kwa nini hakuweza kukesha hata saa moja ndiye aliyesema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu (Marko 14:37-38). Zaburi 127:2 inauita usingizi kitu ambacho Mungu humpa mpenzi wake.

Kwa hiyo ondoa maombi yako makuu usiku. Muda huo umebaki na masalio tu ya nguvu zako. Yahamishie kwenye kazi unazozifanya kila siku lazima. Kumbukumbu la Torati 6:7 inaelekeza maneno ya Mungu yanenwe uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Haikutaja saa, ilitaja shughuli. Na Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 8, inaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku. Wewe fanya hivi: ya kwanza unapowasha jiko, kabla maji hayajachemka, ya pili unapoosha masufuria mchana wateja wakipungua, ya tatu unapofunga mlango wa nyumba usiku. Isali kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona, ukiwa umesimama. Mdomo unausaidia moyo usitangetange, na aliyesimama hasinzii upesi. Ukifika "utupe leo riziki yetu", nyamaza kidogo, utaje jambo moja la siku hiyo: kilo za mchele, ada ya mtoto, Jumatatu inayokuja. Moja tu. Yote hayo hayazidi dakika mbili kila safari. Ikitokea siku moja moyo umewaka ukataka kuendelea, endelea. Lakini usifanye muda huo kuwa deni la kesho.

Nimesema uifungamanishe sala na kazi kwa sababu ukitegemea saa, utategemea kukumbuka, na mtu aliyechoka hakumbuki. Jiko utaliwasha tu.

Kusoma nako kupunguze. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16. Nusu sura kwa siku, siku 32 umemaliza. Ukiwa na simu yenye Biblia ya kusikiliza, weka wakati unamenya vitunguu, na rudia nusu sura ile ile mara mbili. Kusikiliza ukiwa kazini kunahitaji marudio. Kufunga kwako Jumatano na Ijumaa ni desturi ya kale, Didake hiyo hiyo inaitaja katika sura ile ile. Lakini anayesimama motoni tangu alfajiri tumbo tupu anaweza kuanguka na sufuria ya mafuta. Iweke pembeni kwa sasa bila kujilaumu, mpaka ratiba yako ibadilike.

Kuhusu kuimba bila kusikia kitu: usijilazimishe kuchangamka mbele za Mungu. Mwambie ukweli. Zaburi ya 13 ina aya sita tu na inafaa kuwa kielelezo chako. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko, na "Hata lini" inarudi mara nne. Aya ya 3 na 4 ni ombi. Aya ya 5 na 6 ni kutegemea fadhili zake. Mara moja kwa wiki, labda Jumapili mchana, pitia ngazi hizo tatu kwa maneno yako: Bwana, hata lini mume wangu atakaa bila kazi? Bwana, nitazame unijibu. Nami nimezitumainia fadhili zako. Ukikwama kwenye ngazi ya kwanza, kaa hapo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari wa furaha mwishoni, na bado imewekwa ndani ya kitabu cha sala ili anayefikia hapo asidhani amekuwa mpagani.

Sasa hiyo sadaka ya kujikomboa. Hapa nasema kwa uchungu, maana nyumba nyingi zinaumia kwa jambo hili. Mkono wa Mungu haukombolewi kwa fedha. Simoni, yule mchawi wa Samaria, alipoleta fedha ili apate kipawa cha Mungu, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Umekombolewa tayari, "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu" (1 Petro 1:18). Sadaka ya shukrani endelea kutoa, kwa kipimo cha 2 Wakorintho 8:12: kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Usikope ili utoe. Usitoe fedha ya marejesho, maana hiyo si yako, na wenzako wa kikundi wamekudhamini. Huyo rafiki usigombane naye. Mwambie tu kwamba unamshukuru kwa kukujali na unaomba akuombee.

Mkopo wenyewe nao ni sehemu ya swali lako hata kama hukuuliza. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na mtumwa hulala akihesabu. Mjane wa 2 Wafalme 4 alipomlilia Elisha kuhusu mdai, nabii alimwuliza ana nini nyumbani, na mafuta yalipoongezeka akamwambia ayauze, alipe deni, waishi kwa yaliyosalia. Deni lilitangulia. Kwa hiyo yagawe marejesho kwa siku zako za kazi, utenge sehemu moja kila jioni, badala ya kuyatafuta yote Jumapili usiku. Ukiona hayatatimia, mwambie kiongozi wa kikundi Ijumaa. Mtu akisema mapema husikilizwa kuliko anayezima simu Jumatatu. Na usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kulipia mkopo wa kikundi. Kampuni au mtu binafsi anayetaka kukukopesha, mwulize kwanza leseni yake ya Benki Kuu.

Ipo saburi nyingine ambayo labda huihesabu. Biashara ikibana, wali wa jana unatamanisha kuchanganywa na wa leo, nyama inapunguzwa kwa yule asiyelalamika, mafuta yanarudiwa mpaka yanakuwa meusi. Kila mchana unapokataa hayo huku Jumatatu inakuja, umeshika neno. Luka 16:10 inazungumzia uaminifu katika lililo dogo sana, na sahani ya mpita njia ni ndogo kweli. Kama umeteleza hapo, tubu na uache. Jambo hilo linaufanya moyo mgumu kuliko kusinzia magotini. Waebrania 3:13 inaonya juu ya udanganyifu wa dhambi, haionyi juu ya uchovu.

Jumuiya usiiache. Ukichelewa, nenda umechelewa, kaa karibu na mlango. Chagua mama mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, umwambie: "Kwa sasa siwezi kuomba vizuri, niombee wewe." Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, na aya ya 5 inasema Yesu "alipoiona imani yao" alimsamehe. Imani yao, waliombeba. Kuna vipindi ambavyo mtu husimama kwa imani ya waliomshika machela. Na mume wako mshirikishe katika Baba Yetu ya usiku mlangoni. Mwanaume asiye na kazi naye ana mzigo wake ambao hausemi.

Siku ya mapumziko, kama huwezi kufunga biashara Jumapili nzima, angalia mauzo yako ya wiki nne. Ikiwa wateja wako ni wa ofisini au wa ujenzi, huenda Jumapili inakupa kidogo kuliko mkaa unaochoma. Kama ndivyo, funga. Kama sivyo, fungua baada ya ibada.

Jambo moja usilichukulie kama la kiroho peke yake: ikiwa zaidi ya wiki mbili hupati usingizi hata ukipata nafasi, huli, hakuna kinachokupa raha, au unatamani kufa kama Eliya, nenda kituo cha afya, ueleze hivyo hivyo, na mchungaji wako ajue siku hiyo hiyo. Kama wazo la kujidhuru limekujia, usingoje wiki mbili wala usibaki peke yako. Kumeza dawa hakupunguzi imani. Malaika alianza na mkate.

Bwana alimwambia Petro, kabla hajamkana: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike" (Luka 22:32). Angalia nani anayeomba hapo. Usiku ule Petro alilala, akakana mara tatu, akalia, na maombi yaliyomshika hayakuwa yake.

Anza kesho kwenye jiko. Ukiruka siku, hata tatu, usizilipe kwa kusoma maradufu wala kwa kufunga. Fungua Marko pale ulipoishia.