Uliza Ujibiwe: Hivi katiba ya Marekani aliandika nani?

SWALI: Mhariri salaam. Binti yangu wa form three alipewa homework ya historia, nani aliandika katiba ya Marekani, akaja kwangu na mimi kwa kujiamini kabisa nikamwambia andika Thomas Jefferson. Karudi na kosa jekundu kubwa, sasa hivi hata nikisema leo Jumatatu anaenda kucheki kalenda. Kama sio Jefferson ni nani, Washington? (Baba aliyeumbuka, Morogoro)

JIBU: Pole baba, ila mwalimu kapatia. Jefferson ndo mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la 1776, na hapo wengi tunajikwaa maana ni karatasi mbili tofauti zimepishana miaka 11. Azimio lilikuwa la kumwambia mfalme wa Uingereza basi sisi tunaondoka, katiba ni ya kupanga mkishaondoka mnaishije. Hiyo katiba ilipikwa Philadelphia kuanzia Mei hadi tarehe 17 Septemba 1787 na muda wote huo Jefferson yuko Paris, balozi, na John Adams naye yuko London. Yaani rais wa pili na wa tatu wote wawili hawakuwepo!

George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza, alikuwepo, tena ndo mwenyekiti, ila kikaoni aliongea kidogo mno.

Mwenye haki ya kuandikwa kwenye daftari la binti ni James Madison wa Virginia, mtu mfupi mwembamba, miaka 36, ambaye kabla ya kikao alijifungia anasoma jamhuri za zamani zilivyokufa, na vitabu vingi alitumiwa na nani? Jefferson huyohuyo, toka Paris, kwa hiyo jibu lako halikuwa bure kabisa. Kikaoni alikaa mbele ananukuu kila siku nani kasema nini, joto la kiangazi na madirisha yamefungwa ili walioko nje wasisikie. Wajumbe walioshiriki ni 55 kwa vipindi tofauti, waliosaini 39, na jimbo la Rhode Island halikutuma mtu hata mmoja.

Kilichowakutanisha ni hela. Serikali ya muungano wakati ule haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, ilikuwa inaomba majimbo yachangie, na we unajua michango ya harusi ilivyo, kadi kila mtu kapokea, ahadi kaandika, siku ikifika simu haipokelewi. Madeni ya vita vya uhuru hayalipiki, halafu 1786 wakulima wa Massachusetts wenye madeni wakashika silaha wakazuia mahakama zisikae, matajiri wakashtuka.

Ila walikuwa wametoka juzi tu kumkimbia mfalme hawataki mwingine, ndo maana mihimili yao mitatu imefungwa kamba mmoja kwa mwingine. Rais anaweza kukataa muswada, lakini Bunge, lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, likipata theluthi mbili kwa kila moja linaupitisha bila yeye. Rais anateua majaji, Seneti isipokubali hakuna jaji. Rais akiharibu, Baraza la Wawakilishi linamshtaki na Seneti inamhukumu. Madison aliandika baadaye kwamba binadamu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, na ukiisoma katiba yao unaona kabisa huyu mtu hakumwamini yeyote, mi nadhani hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Sasa baba, kama unataka kurudisha heshima nyumbani, muulize binti ni mkono wa nani ulioiandika. Lugha ya mwisho ilinyooshwa na Gouverneur Morris, jamaa mwenye mguu mmoja wa mti, lakini aliyeshika kalamu ya unyoya akanakili zile kurasa nne za ngozi ni karani anaitwa Jacob Shallus, akalipwa dola 30.

SWALI: Hawa si ndo walisema binadamu wote wameumbwa sawa huku wana watumwa? Na mbona Hillary Clinton 2016 alipata kura nyingi akakosa urais? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Umeuliza kama mambo mawili ila yana undugu. Jefferson aliyeandika hayo maneno ya usawa alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Kule Philadelphia majimbo ya kusini yakataka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi bungeni, kaskazini wakagoma, wakaishia kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Yaani mtu hapigi kura, hana haki yoyote, lakini kuwepo kwake kunamuongezea nguvu bwana wake.

Ikaja ishu ya kumchagua rais. Madison mwenyewe alisema wazi kwamba wananchi wakichagua moja kwa moja kusini itaumia, watumwa si hawapigi kura. Wakaweka wajumbe wa uchaguzi, kila jimbo linapata idadi sawa na wabunge wake pamoja na maseneta wake wawili, na ile hesabu ya tatu kwa tano ikaingia humo pia. Utumwa ulikufa 1865, mfumo ukabaki. Leo wajumbe ni 538, anayefikisha 270 kashinda, na karibu majimbo yote mshindi anabeba wote hata akiongoza kwa kura chache. Clinton alizidi kwa karibu kura milioni 3 nchi nzima ila kwenye majimbo ya kuamua akazidiwa kidogo kidogo. 2000 pia ilitokea, Al Gore naye alipata kura nyingi akakosa urais.

SWALI: Washington ndo aliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Katiba ya 1787 haikuweka ukomo wowote. Yeye alikaa viwili akaamua kurudi shambani kwake 1797, wenzake wakafuatisha kama desturi tu, mpaka Franklin Roosevelt akachaguliwa mara nne na kufia madarakani 1945. Marekebisho ya 22 yakapita 1951, ndo ikawa sheria.