Vidole vya miguu havifikiki: maswali ya wanaoanza yoga

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Dodoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ambaye hajawahi kufanya yoga aanzie wapi? Tumechagua saba. Nyingine ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Nakaa kwenye kiti kutwa nzima, jioni nakaa tena kwenye daladala. Kiuno kinaniuma. Naambiwa yoga inasaidia, lakini nikiinama mikono inaishia magotini. Mtu mgumu kama mimi anaanzaje?
*Mtumishi, Area C*

Habari njema, ndugu yetu. Kwanza achana na vidole vya miguu. Hakuna mkao wowote wa kuanzia unaokudai uviguse, na kuvikimbilia ndiko kunakowaumiza wengi wiki ya kwanza.

Misuli ya nyuma ya paja imeanzia kwenye ile mifupa miwili unayoikalia, ikashuka hadi chini kidogo ya goti. Ikiwa imekaza, inaivuta ile mifupa, na fupanyonga inagoma kuinama mbele. Wewe bado unataka kwenda chini, basi kinachopinda ni kiuno. Yaani unalivuta eneo ambalo tayari linauma, na paja linabaki vilevile. Kwa hiyo ukiinama, kunja magoti mpaka tumbo liguse mapaja. Ukifika hapo ndipo uanze kunyoosha magoti taratibu, na usimame pale tumbo linapoanza kuachana na paja. Mwisho wako wa leo ni hapo, hata kama mikono inaning'inia hewani.

Njia salama zaidi ya kulegeza paja ni kulala chali. Kunja goti moja, unyayo ukiwa sakafuni. Mguu wa pili uinue, pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zake kwa mikono miwili na uache mabega yatulie chini. Goti la mguu ulioinuliwa liruhusu lijikunje kidogo. Kaa pumzi 8 hadi 10, kisha badili. Mvuto uusikie katikati ya paja. Ukiusikia nyuma ya goti au pale kwenye mfupa wa kukalia, umevuta mno, legeza kanga.

Kikao chako cha mwanzo kichukue kama dakika 20, siku tatu au nne kwa wiki. Hii inashinda saa moja na nusu ya Jumamosi halafu kimya mpaka Jumamosi nyingine. Fuata mpangilio huu:

Lala chali magoti yamekunjwa, kiganja kimoja tumboni, pumzi 10 kwa pua: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 5 au 6. Kisha piga magoti na uweke viganja chini, ufanye mkao wa paka na ng'ombe: ukivuta pumzi kifua kinafunguka na tumbo linashuka, ukitoa mgongo unapanda kama wa paka aliyekasirika. Mara 8. Rudisha makalio kwenye visigino, paji la uso chini au juu ya mto, pumzi 5. Huo ndio mkao wa mtoto. Kutoka hapo peleka mguu mmoja mbele kati ya viganja, goti la nyuma libaki chini juu ya blanketi, inua kifua, sukuma nyonga mbele kidogo. Pumzi 5 kila upande. Mkao huu usiuruke hata siku moja, kwa sababu misuli ya mbele ya nyonga ndiyo inayofupika kwa kukaa, na ikifupika inakivuta kiuno mbele. Fuatisha kanga, kisha daraja: lala chali, nyayo karibu na makalio, upana wa nyonga, inua kiuno kwa kusukuma visigino, kaa pumzi 3, shuka. Mara 4. Malizia kwa kulala kimya dakika 5.

Kipimo chako kiwe pumzi. Ukiona umeibana, au unavuta kwa mdomo kama aliyepanda ngazi, punguza mkao, hata kama kwa macho unaonekana mzuri.

Tahadhari moja: ikiwa maumivu ya kiuno yanashuka mguuni, mguu unapata ganzi au unaishiwa nguvu, muone daktari kabla ya kuanza. Ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ninao mkeka wa ukindu na sakafu yetu ni ya marumaru. Ni lazima ninunue ule mkeka wa mpira?
*Mama wa nyumbani, Nkuhungu*

Si lazima mwezi wa kwanza, mama. Ukindu unafaa kabisa kwa mikao ya kulala na ya kukaa. Shida inaanza ukisimama umetanua miguu, au ukiweka uzito kwenye viganja: mkeka unateleza juu ya marumaru, na mkono unateleza juu ya mkeka. Mwili ukishahofia kuteleza unajikaza kila mahali, na pumzi inaisha. Mikao ya kusimama ifanye peku kwenye sakafu tupu, kavu. Soksi weka pembeni.

Siku ukinunua, tafuta wenye unene wa milimita 4 hadi 6, upana wa sentimita 61 au zaidi, na urefu usiopungua wako ukilala. Ya kawaida ni sentimita 173 au 183. Usivutiwe na ile minene kama godoro, ya milimita 10 na kuendelea. Magoti yataifurahia, lakini ukisimama kwa mguu mmoja unayumba kama uko kwenye mchanga, na viganja vinazama mpaka vifundo vinauma. Kabla ya kulipa, utandike dukani, bonyeza kiganja na usukume mbele. Ukiteleza hapo, nyumbani utateleza zaidi ukishatoka jasho.

Vumbi letu nalo lina sehemu yake. Kiangazi, madirisha yakiwa wazi, linatanda juu ya mkeka kama unga, na mara nyingi ndilo linalotelezesha. Watu wanaulaumu mkeka bure. Futa kwa kitambaa cha maji chenye tone la sabuni, kisha kwa maji matupu, anika kivulini. Juani mpira unakauka na kupasuka. Usiuloweke kwenye beseni.

Vifaa vingine viko ndani. Kanga ni mkanda. Tofali la kuchoma lililoviringishwa kitenge ni kiinua-mkono kizuri sana. Usione haya: B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyeeneza matumizi ya matofali ya mbao, mikanda na viti katika yoga, na wanafunzi wake wazoefu wanavitumia mpaka leo. Kiti cha plastiki tu ndicho cha kuogopa. Miguu yake inatanuka kwenye marumaru, kwa hiyo kiegemeze ukutani.

Najifunza kwa video za kwenye simu. Ule mkao wa mbwa, makalio juu kichwa chini, unaniumiza vifundo vya mikono, na visigino havifiki chini. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi, UDOM*

Visigino viache. Wengi havifiki kwa miezi mingi, wengine havitafika kabisa kwa jinsi vifundo vyao vya miguu vilivyoumbwa, na hakuna kinachoharibika. Tuangalie mikono.

Weka kiganja mezani sasa hivi, egemea kidogo. Uzito umeangukia wapi? Kwa wengi ni kisigino cha kiganja, upande wa kidole kidogo, na vidole vinabaki kama vimewekwa kwa mapambo. Hapo kifundo kinabeba mzigo kikiwa kimepinda. Sasa tanua vidole, kidole cha kati kielekee mbele, bonyeza chini shina la kidole cha shahada na shina la dole gumba, na ncha za vidole ziume sakafu kama unayeshika mpira. Utaona katikati ya kiganja panainuka kidogo, na kifundo kinapata nafuu. Mkono wa kwenye mkao wa mbwa ni huo.

Kosa la pili ni umbali. Ukiweka miguu karibu mno na mikono, mabega yanakwenda mbele juu ya viganja na uzito wote unayafuata. Pima hivi: piga magoti, viganja vikiwa hatua ya kiganja kimoja mbele ya mabega, kunja vidole vya miguu, kisha inua makalio kwenda juu na nyuma. Kunja magoti yako, hata sana, mpaka mgongo uwe mrefu. Video nyingi zinaonyesha miguu iliyonyooka kama rula, na anayeanza akiiga, mgongo wake unapinda kama kobe na uzito unarudi mikononi. Magoti yaliyokunjwa na mgongo mrefu ndio mkao sahihi kwako.

La tatu ni muda. Pumzi 3 zinatosha, shuka, pumzika, rudia. Kifundo kikiendelea kuuma, weka viganja ukutani usawa wa kiuno, rudi nyuma mpaka mwili ufanye pembe kama meza, nyonga zikiwa juu ya visigino. Faida ya mgongo na mabega unaipata ileile, bila mzigo wa mikono.

Kuhusu video: chagua ya wanaoanza, ya dakika 15 hadi 25, itazame yote mara moja umekaa, ndipo uifanye. Ukifanya huku unageuza shingo kuangalia simu iliyo chini, shingo ndiyo itakayokuletea barua ya pili.

Mimi ni mtu wa kanisani. Yoga si ibada ya watu wengine?
*Msomaji, Makole*

Swali la haki, na Waislamu pia wametuuliza. Yoga imetoka India, ndani ya mapokeo ya dini za huko. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, lina asili moja na kufunga nira, kama unavyowafunga maksai wawili walime pamoja. Maandiko yake ya kale yanazungumzia zaidi kutafakari. Mtindo wa mikao mingi ya kunyoosha viungo unaofundishwa leo umekua hasa katika karne ya 20. Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga mwezi Desemba 2014, kwa msingi wa afya.

Kunyoosha paja kwa kanga ni kunyoosha paja. Ukienda kwenye darasa, muulize mwalimu mapema kama kuna nyimbo au maneno ya kutamkwa, na una haki ya kukaa kimya. Zaidi ya hapo ni dhamiri yako na kiongozi wako wa dini. Gazeti haliwezi kukuamulia.

Nina presha na natumia dawa kila siku. Binti yangu naye ni mjamzito wa miezi mitano. Tunaweza kufanya pamoja?
*Bibi, Chang'ombe*

Shikamoo bibi. Mnaweza kuwa chumba kimoja, ila si mikao ileile, na kila mmoja aulize kliniki yake kwanza.

Wewe usibane pumzi hata kidogo, na usikae na kichwa chini ya moyo: mbwa wako awe yule wa ukutani. Ukitoka sakafuni kwenda kusimama, pitia kukaa, kisha kiti, maana baadhi ya dawa za presha zinaleta kizunguzungu ukiinuka ghafla. Dawa usiache.

Binti asilalie tumbo, asilale chali muda mrefu, na akijigeuza afungue mabega tu bila kulibana tumbo. Alale ubavu wa kushoto na mto kati ya magoti. Asijipime kwa kunyooka: wakati wa ujauzito kano zinalegea, hivyo atajikuta anafika mbali kuliko kawaida na kujiumiza bila kuhisi. Damu, maji kutoka au maumivu ya tumbo: aache na aende hospitali.

Naendesha bodaboda kutwa. Nifanye asubuhi au usiku? Na nikiwa nimekula?
*Dereva, Ipagala*

Baada ya mlo kamili, ugali na mlenda na kila kitu, subiri saa mbili hadi tatu. Chai na kitafunwa kidogo, kama saa moja.

Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu ni baridi, na misuli baridi haivutiki. Anza na paka na ng'ombe mara 15 na kutembea mahali pamoja kabla ya chochote. Jioni ndiyo bora kwako, ukishaoga vumbi. Ongeza mkao mmoja: lala chali, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, vuta paja la kushoto kifuani, pumzi 8, badili. Unafungua makalio yaliyokalia kiti siku nzima. Goti likichoma, achia hapohapo. Goti halitakiwi kusikia chochote.

Ile dakika tano ya kulala mwishoni naona ni kupoteza muda. Naweza kuiruka?
*Mwalimu, Kikuyu*

Ndiyo inayorukwa kuliko zote, labda kwa sababu ya jina: kwa Kisanskriti unaitwa mkao wa maiti, na walimu wengi wanaona bora waseme mapumziko. Usiiruke. Umetoka kuukaza na kuuachia mwili kwa dakika 15. Hapa pumzi na mapigo ya moyo vinarudi chini. Jifunike shuka, kwa kuwa mwili unapoa upesi. Kiuno kikivutika, weka mto chini ya magoti. Ukiogopa usingizi, weka kengele ya simu ya mlio mdogo. Ikilia usikurupuke: geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi tatu, kisha sukuma sakafu kwa mkono wa kushoto, kichwa kiwe cha mwisho kuinuka.