Anza na mkate: sandwichi zetu za Unguja na Pemba

Mtu akiniuliza sandwichi gani nzuri, mimi humuuliza kwanza ana mkate gani. Wengi huanzia kwenye friji: kuna chizi, kuna soseji, kuna chupa ya mayonezi, basi vyote vinaingia kati ya slesi mbili na kubanwa. Njaa inaondoka, lakini hakuna atakayeiulizia kesho. Hapa kwetu tuna mikate ya kila namna, na kila mmoja una kazi yake. Ukiujua mkate ulio nao, cha kutia ndani hakikupi tabu.

Kwangu mimi boflo ndiyo ya mwanzo. Nazungumzia boflo ya tanuri la kuni, ile yenye ganda kavu na ulaini mwepesi ndani, inayopitishwa mitaani kwa baiskeli. Ganda hilo ndilo linaloweza kubeba chatne na mafuta ya nyama bila ya kukuvunjikia mkononi. Tatizo ni hewa yetu ya bahari. Boflo ya asubuhi, ikifika jioni ganda lake limeshavuta unyevu na limekuwa la kutafuna kama ngozi. Kwa hiyo ukitaka sandwichi ya jioni, nunua mkate wa jioni.

Na tafadhali, usiiweke kwenye friji. Wanga wa mkate ukishaokwa unakakamaa wenyewe kadiri siku zinavyopita, na baridi ya friji inauharakisha kuliko hata ukiuacha mezani. Iliyobaki ikate, ifunge vizuri kwenye mfuko na uitie kwenye friza, huko ndiko inakokaa salama. Siku ya kuitumia irushie maji kidogo kwa vidole, kisha itie kwenye oveni au igeuzegeuze juu ya chuma cha chapati mpaka ganda likauke tena. Iliwe hapo hapo, kwa sababu mkate uliopashwa ukipoa unakuwa mgumu upesi kuliko mwanzo.

Sandwichi ninayoipenda kuliko zote ni boflo kwa mishkaki. Nyama ya ng'ombe ikatwe vipande vidogo kuliko vile vya kula kwenye kijiti, kwa sababu kipande kikubwa ukikiuma kinavutika chote na kukuachia mkate mtupu. Irowekwe kwa thomu (kitunguu saumu), tangawizi mbichi, ndimu, chumvi, bizari ya uzile na papai bichi lililosagwa. Hapa kwenye papai pana haja ya kiasi: linalainisha nyama kwelikweli, lakini likizidi, au nyama ikilala nalo usiku kucha, inakuwa rojorojo na haina tena utamu wa kutafuna. Kijiko kimoja kwa kilo, na saa mbili au tatu, zinatosha. Choma kwa mkaa ulioshika vizuri, si wenye moto wa kuruka.

Kuikusanya nako kuna utaratibu. Pasua boflo kwa ubavuni bila ya kuitenganisha, ifunguke kama kitabu. Toa ulaini kidogo wa upande wa juu ili nyama ipate nafasi ya kulala. Laza uso wa ndani juu ya chuma cha moto kidogo tu, ushike rangi. Ule ukavu ndio utakaozuia chatne isiuloweshe mkate kwa haraka. Halafu chatne ya ukwaju chini, nyama juu yake ikiwa bado ya moto, vitunguu, na pilipili ya embe kwa anayeiweza. Mayonezi sitii. Nyama ya kuchoma ina mafuta yake na inahitaji ukali wa ukwaju, haihitaji mafuta mengine.

Vitunguu navyo vina namna yake. Mama yangu hakukubali kitunguu kibichi kiingie kwenye chakula bila ya kufikichwa kwa chumvi, kusuuzwa kwa maji na kukamuliwa. Akiniona nakata na kutia tu alikuwa akiniambia, "Mwanangu, kitunguu hiki utakila mpaka kesho." Ni kweli, kisipooshwa kinabaki mdomoni na kinaifunika ladha ya kila kitu. Kikishakamuliwa, kitie ndimu na majani ya kotmiri (giligilani), basi.

Kama huna nyama, katlesi inafaa sana ndani ya boflo, na ni rahisi. Katlesi ya viazi iliyotoka kwenye mafuta ibonyezwe ndani ya mkate mpaka ipasuke, ndipo umiminie chatne ya nazi. Ikiachwa nzima inateleza na kutoka nyuma unapouma. Wenzetu wa ng'ambo ya bahari wanalijua jambo hili siku nyingi. Mumbai wana vada pav, ambayo ni kiazi kilichochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, karibu sawa na kachori zetu, ndani ya mkate laini wenye chatne. Na kule Kutch, magharibi mwa India, ambako wafanyabiashara wengi wa zamani wa Zanzibar walitokea, kuna dabeli: viazi vyenye viungo, chatne ya ukwaju, njugu za kukaanga na punje za komamanga ndani ya mkate wa mviringo. Nimejaribu kutia njugu za kukaanga kwenye boflo ya katlesi na sasa siachi, kwa sababu kila kitu humo ni laini na kinywa kinataka kitu cha kuvunja. Chatne ya nazi itengenezwe karibu na wakati wa kula. Nazi iliyokunwa inachacha upesi kwa joto letu, na ikishachacha hakuna ndimu itakayoifunika.

Sasa mkate wa ufuta. Huu watu huula kwa mishkaki au kwa rojo, wachache huupasua na kuujaza, na ni hasara, kwa sababu hakuna mkate unaopatana na pweza kama huu. Umekandwa kwa tui la nazi, yai na hamira, unga wake ni mlaini wa kuvutika. Hutandazwa kwa mkono wenye maji kwenye kikaango kikavu, hunyunyizwa ufuta, na ukishashika chini kikaango hugeuzwa kuelekea kwenye makaa ili na juu upige rangi. Unga ukitandazwa kwenye mafuta hautashika, na ukigeuza utaanguka motoni. Kwa ajili ya sandwichi upike mwembamba kidogo kuliko kawaida, na uusubiri upoe kabla ya kuupasua, la sivyo ndani unajikunja na kuwa bonge.

Pweza anunuliwe siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na watu wanateremka miambani kwa miguu. Hapo ndipo anapopatikana kwa wingi na akiwa mbichi kweli. Kumpiga kunalainisha, lakini kama huna pa kumpigia, mtie kwenye friza usiku mmoja. Barafu inafanya kazi hiyo hiyo. Mchemshe bila chumvi na kwa maji machache, maana atatoa maji yake mwenyewe mengi na ya chumvi. Akiiva, umkate vipande vyembamba, mkaange kwa haraka kwenye kikaango cha moto mkali kwa thomu na pilipili manga, mkamulie ndimu. Ndani ya mkate wa ufuta tia pweza huyo, tango lililokatwa jembamba na pilipili ya kusaga kidogo. Wifi yangu wa Wete huongeza embe mbichi iliyokunwa. Mwanzo niliona ni kuzidisha, lakini nimeshakubali kuwa ndiye aliyepatia.

Slesi nimeziweka baadaye kwa sababu ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Mkate wa slesi hauna ganda la kujilinda, unanywa kila tone linaloufikia. Kwa hiyo paka siagi mpaka kingoni, pande zote mbili, hata kama huipendi. Siagi hapo ni ya kuzuia maji. Tungule (nyanya) na tango vikatwe, vinyunyizwe chumvi, viachwe kwenye chujio kama dakika kumi na tano, kisha vifutwe kwa kitambaa kisafi. Utashangaa maji yatakayotoka. Maji hayo, usipoyatoa wewe, yatatokea ndani ya sandwichi. Majani ya saladi nayo yakaushwe, na yawekwe kati ya mkate na tungule.

Kwenye slesi mimi natia jodari. Namchemsha kwa chumvi, ndimu na thomu, namchambua akipoa, namchanganya na pilipili boga iliyokatwa ndogo ndogo, kitunguu kilichokamuliwa, kotmiri, na mayonezi kiasi cha kumshikanisha tu. Hapa mayonezi yana kazi, kwa sababu jodari akishachemshwa ni mkavu.

Lakini jodari ana jambo la kulijua. Samaki huyu, pamoja na vibua na dagaa, akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza kitu kiitwacho histamini. Kupika hakukiondoi, wala kukaanga, wala kumgandisha baadaye. Aliyemla huona uso unaiva na kuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinauma, na wengi hudhani ana mzio wa samaki, kumbe ni yule samaki alichelewa barafu. Nunua aliyekaa kwenye barafu, uende naye nyumbani moja kwa moja. Ukimuonja ukahisi ukali wa pilipili mdomoni na hukutia pilipili, mteme, na wengine wasile.

Sandwichi za mayai sina mengi ya kusema. Mayai yachemke dakika tisa au kumi, yatiwe kwenye maji ya baridi mara moja ili kiini kisifanye ule mzunguko wa kijani, yapondwe kwa uma, siagi, chumvi, pilipili manga. Ukitaka yasiwe ya kawaida, tia bizari ya manjano kidogo iliyopitishwa kwenye mafuta ya moto.

Kwenye shughuli, iwe harusi au hitima, siku hizi sahani ya vitafunio haikosi sandwichi za pembe tatu pembeni ya sambusa na kababu. Nyingi huwa zimekauka kingo kabla ya wageni kukaa. Ukipewa kazi hiyo, tengeneza chatne nzito ya kotmiri, pilipili mbichi, thomu, ndimu na chumvi, isagwe kwa maji machache kabisa, na uipake juu ya siagi. Kati weka kuku aliyechambuliwa au kima (nyama ya kusaga) kilichokaushwa vizuri. Kima chenye mchuzi kitakuaibisha. Usikate kingo mpaka zote zimepangwa. Zilaze moja juu ya nyengine, zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha karatasi ya nailoni juu yake, ziingie friji. Katakata pembe tatu dakika za mwisho, kwa kisu chenye meno, ukikifuta kila baada ya kukata.

La mwisho ni sandwichi za safari, na hapa nawasemesha khasa wanaopanda boti kutoka Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri chakula cha kuharibika kisikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, muda wa saa moja tu. Sisi miezi ya kaskazi joto hilo tunalijua. Ukihesabu kutoka jikoni kwako, daladala, foleni ya bandarini na safari yenyewe, jodari wa mayonezi hana nafasi kwenye mkoba wako, wala mayai, labda uwe na kikasha cha barafu. Na hata ukiwa nacho, mfikirie aliyekaa pembeni yako bahari inapochafuka kwenye mkondo wa Nungwi. Harufu ya samaki wakati huo ni mateso kwa watu wote.

Mimi nachukua za tende. Toa kokwa tende laini, ziponde kwa siagi kidogo na iliki, paka kwenye slesi au boflo iliyopasuliwa, nyunyiza ufuta uliokaangwa. Chumvi punje chache juu, isikose. Zinashiba, hazinuki, hazivuji, na ukifika Mkoani bado ziko vile vile. Watoto huomba zitiwe na ndizi. Wape ndizi pembeni na ganda lake, wamenye wenyewe wakitaka kula, kwa sababu ikikatwa nyumbani itakuwa nyeusi kabla boti haijaipita Nungwi.