Kwa wadogo zangu mnaojenga kompyuta za kupozwa kwa maji: pimeni skrubu kwanza

Nimeona tena tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye fitingi za kompyuta, vile viungio vya mipira ya maji. Kesi yenyewe, yaani boksi la kompyuta hiyo, nzuri ajabu: fremu ya chuma cha pembe, paneli za akriliki zilizopigwa msasa hadi kingo zinang'aa, braketi ya kadi ya grafiki imekunjwa kwa mkono na mashimo yake yako sawa kabisa. Halafu tepu, kila fitingi, imezungushwa kana kwamba tunafunga tanki la maji la ghorofa. Wadogo zangu, kazi zenu nazipenda mno, na ndiyo maana leo nitasema kwa sauti ya juu kidogo.

Ukinunua kesi ya dukani, kuna mtu kiwandani ameshakupigia hesabu: unene wa bati, urefu wa skrubu, nafasi kati ya feni na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ukikata paneli yako mwenyewe, hesabu zile zote zimerudi kwako, na maji hayakuonei huruma eti kwa sababu ulikesha ukipiga msasa.

1. Tepu itoeni. Fitingi zetu zina uzi, ile mizunguko ya skrubu, wa kipimo cha G1/4. Uzi wake umenyooka na hauzibi maji; kinachoziba ni oringi, pete ya mpira, inayobanwa kwenye uso wa bloku, kile kipande kinachopitisha maji juu ya prosesa au kadi ya grafiki. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo tu, basi. Fitingi za duka la vifaa vya bomba, hata zikiandikwa robo inchi, mara nyingi uzi wake umechongoka kuelekea mbele, na ukiulazimisha kwenye akriliki utaipasua.

2. Maji ya bomba hapana, ya kisima hapana. Tuliokulia pembezoni mwa Mlima Meru tunajua floridi inavyoyafanya meno. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinapita hapo. Kwa bloku, floridi ni sehemu ndogo ya tatizo: chumvi na madini yaliyomo hupitisha umeme, huchochea kutu, na huganda kwenye mapezi membamba ya shaba yaliyo ndani. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Tumia yaliyokenekwa, pamoja na dawa ya kuzuia mwani. Ukiyatafuta duka la spea kwa jina la maji ya betri, soma chupa yote, maana rafu hiyohiyo ina tindikali. Rangi ya chakula muiache jikoni.

3. Vijana wa Moshi, hili ni lenu. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ninyi mko chini ya 1,000, na Februari yenu tunaijua. Rejeta, ile inayopulizwa na feni ili ipoze maji, haiwezi kuyapoza hadi chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta hiyo. Hewa ya chumba ikiwa nyuzi 32, maji yatakuwa juu ya 32, hata ungefunga rejeta ya lori. Mnachohitaji ni eneo kubwa la rejeta na hewa inayovutwa kutoka nje. Barafu kwenye tanki ndiyo mnaniogopesha nayo. Maji yakipoa kupita kiwango cha umande, unyevu wa hewani unageuka matone nje ya bloku na mipira, unadondokea mazabodi, na hapo hakuna fitingi ya kulaumu. Na mabishano ya kipi kitangulie, prosesa au kadi ya grafiki, yaacheni. Maji yakitembea lita moja kwa dakika na kubeba wati 300, yanapanda kama nyuzi 4 tu. Pitisheni mipira njia fupi.

4. Skrubu za rejeta. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa niliharibu mali ya mtu.

Kijana mmoja anayehariri video za safari za watalii alinipa kazi ya kumjengea mashine. Rejeta ya milimita 360 niliiweka juu, mpangilio wake hivi: feni, kisha paneli, kisha rejeta, skrubu inapita vyote. Paneli ya kwanza ilikuwa akriliki ya milimita 5. Feni ina 25, paneli 5, nikanunua skrubu za 35, zikabaki milimita 5 za kuingia kwenye uzi wa rejeta. Hesabu ilikaa. Tukajaza maji, tukaacha pampu izunguke usiku kucha na karatasi za tishu chini ya kila fitingi. Asubuhi zote kavu.

Ila ile akriliki ilikuwa inavuma feni zikienda kasi, na mwenye mashine anasikiliza sauti siku nzima kwa kazi yake. Nikaitoa, nikakata nyingine ya alumini ya milimita 2, ngumu, imetulia. Mipira ilikuwa laini, kwa hiyo niliinua rejeta bila hata kumwaga maji. Nikarudisha feni na skrubu zilezile. Hesabu sikuirudia. Toa 25 kwenye 35, toa 2, inabaki 8. Nilikuwa naingiza milimita 8 kwenye nafasi ya 5.

Skrubu 12 zote ziliingia. Mbili tatu zilikuwa nzito kidogo mwishoni, nami nikaridhika kwamba zimekaza. Kumbe zinatoboa njia ya maji. Ukuta wa njia hizo ni mwembamba mno, mkono ulioshika bisibisi hausikii kitu. Na kwa kuwa skrubu inabaki imelala ndani ya tundu ililolitoboa, maji hayaruki. Yanapenya kidogokidogo kwenye uzi. Jaribio la kuvuja nalo sikulirudia, maana nilijiambia sijagusa fitingi hata moja.

Mashine ikaenda kwake, Njiro. Kadi ya grafiki ilikuwa chini ya rejeta moja kwa moja. Akanipigia alfajiri: alikuwa ameiacha inachakata video ya mteja wake usiku, ameamka kioo cheusi. Nilipofika, maji yalikuwa yametuama juu ya kadi na mengine yameteremka hadi kwenye mazabodi. Kadi ilikufa. Kazi ya mteja wake ilichelewa. Nililipa kwa mafungu, na yule kijana hakunitukana hata mara moja, jambo ambalo liliniuma kuliko matusi.

Rejeta niliipeleka mtaa wa Unga Limited kwa mzee mmoja fundi wa rejeta za magari. Aliizamisha kwenye beseni, akapuliza hewa, mapovu yakatoka kwenye matundu ya skrubu. Habari za kompyuta hakuziuliza. Aliniuliza skrubu yangu ina urefu gani, na sikuwa na jibu.

Sasa nafanya hivi, nanyi fanyeni hivi. Kabla rejeta haijasogea karibu, pitisha skrubu kwenye feni, paneli na washa zake (zile pete bapa za skrubu), vyote pamoja, kisha pima kwa vernia, rula ya kubana, ncha iliyochomoza. Chukua kijiti cha meno upime kina cha tundu la rejeta. Mulika tochi uone kama kuna kibati cha kinga au njia ya maji iko uchi. Ncha iwe fupi kuliko kina hicho. Ikizidi, kata skrubu au ongeza washa. Ukibadilisha chochote, hata raba ya kuzuia mtetemo, pima upya na jaribu kuvuja upya. Msinijibu kwamba hamkugusa fitingi.

5. Alumini kwa paneli na braketi ni sawa. Alumini inayogusa maji yaleyale yanayogusa shaba italiwa, kwa hiyo uliza rejeta ya bei rahisi imetengenezwa kwa nini kabla hujalipa.

6. Akriliki haisafishwi kwa spiriti. Kingo zilizokatwa kwa leza hutoa nyufa ndogondogo. Maji ya sabuni na kitambaa laini vinatosha. Ukitoboa, weka ubao chini, endesha drili polepole, na tundu liwe pana kidogo kuliko skrubu, kwa sababu akriliki hutanuka ikipata joto.

7. Vipimo msichukue kwenye picha. Matundu ya feni ya 120 yanaachana milimita 105, ya feni ya 140 ni 124.5, na nafasi za kadi nyuma ya kesi zinaachana 20.32. Ile .32 msiidharau: ukiiacha, kwenye nafasi ya nne tayari umekosea karibu milimita moja, na kadi inakaa imepinda. Nimeshaona mtu anaipinda kadi ili ikubaliane na braketi yake. Braketi ni kipande cha bati, mdogo wangu, kata nyingine.

8. Pampu isizungushwe kavu. Maji ndiyo mafuta yake. Wakati wa kujaza, iwe pampu peke yake ndiyo inayopata umeme: unganisha waya wa kijani wa pawasaplai na mweusi mmojawapo kwenye kichwa cha pini 24, vingine vyote viwe vimechomolewa. Waya zikiwa nyeusi zote, kijani ni pini ya 16. Mwenye geji ya shinikizo na pampu ya baiskeli ajaribu kwa hewa kwanza, shinikizo la nusu baa, sindano isishuke kwa nusu saa.

9. Valvu ya kumwagia maji iwe sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, na mkono upite pamoja na chupa. Ile kesi nzuri niliyoisema ina valvu nyuma ya paneli iliyogandishwa kwa gundi. Mwenyewe akisoma hapa, paneli hiyo aikate leo, kabla hajajaza. Wengine wenye rejeta ambazo hazijafungwa, zileteni Jumamosi pamoja na skrubu zenu zote, vernia ninayo.